Insinereta, mvuke, shimo au mkandarasi: kuchagua njia ya kushughulikia taka za hospitali

Kamati ya hospitali ikikaa kuzungumzia taka, mara nyingi kikao kinaanzia kwenye bei: insinereta (tanuri la kuchomea taka) ya ukubwa gani, nani anaiuza, itafika lini. Sababu inaeleweka. Mapipa yamejaa, majirani wanalalamikia moshi, na mkaguzi ameshaandika barua. Lakini uamuzi ukianzia kwenye mashine, hospitali hujikuta na mtambo usiokubali sehemu kubwa ya taka zake, au unaokubali karibu kila kitu lakini umesimama kwa kukosa mafuta.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo hospitali nyingi huzizungukia: insinereta, mtambo wa mvuke unaoua vijidudu kwa joto (wengine huuita otoklevu), shimo la kuzikia lililojengwa, na kukabidhi taka kwa mkandarasi mwenye mtambo wa pamoja. Kuchoma taka kwenye shimo la wazi au ndani ya pipa nyuma ya wodi sikukuweka kwenye orodha. Moto wa namna hiyo haufikii joto la kutosha, unaacha sindano nzima kwenye majivu, na moshi wake unarudi kwenye madirisha ya wagonjwa waliokuja kutibiwa kifua.

Kwanza, kilichomo ndani ya mfuko

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema karibu asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni taka za kawaida: karatasi, maboksi, vifungashio, mabaki ya chakula. Asilimia 15 inayobaki ndiyo hatarishi, yaani ina uambukizi, sumu au mionzi. WHO hukadiria pia kwamba katika nchi za kipato cha chini taka hatarishi ni wastani wa kilo 0.2 kwa kitanda kwa siku, na katika nchi tajiri hufika kilo 0.5.

Chukua hospitali ya vitanda 100 yenye wastani wa kilo 0.2. Hizo ni kilo 20 kwa siku, mzigo ambao hata mtambo mdogo unaumudu. Sasa hospitali hiyohiyo iache kila kitu kichanganyike. Ganda la ndizi lililolaliwa na pamba yenye damu halihesabiwi tena kuwa taka ya kawaida, na kilo 20 zinageuka kuwa zaidi ya 130. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mtambo unaofanya kazi saa mbili na mtambo unaozidiwa mchana kutwa. Kwa hiyo ndoo tatu zilizowekwa karibu na mgonjwa, zenye rangi zinazotambulika na maandishi yanayosomeka, huokoa pesa nyingi kuliko punguzo lolote utakalopewa na muuza mashine. Rangi zenyewe hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo fuata mwongozo wa kwenu. Katika mpangilio wa WHO nyeusi ni taka za kawaida, njano ni ambukizi, kahawia ni kemikali na dawa.

Kutenganisha hufanywa na yule aliyezalisha taka, palepale alipoizalisha. Muuguzi akishachoma sindano, boksi la ncha kali liwe mahali ambapo mkono wake unafika bila kupiga hatua, na sindano iingie humo bila kurudishiwa kifuniko. Boksi likifika robo tatu linafungwa. Likiachwa mpaka sindano zinachungulia mdomoni, mtu wa mwisho kulisukuma kwa kiganja ili lifunge ndiye anayelipa. Na kosa lililofanyika wodini halirekebishwi huko nyuma: kumwambia mhudumu wa usafi afungue mfuko achambue ni kumtuma aingize mkono kwenye sindano. Sindano yenye damu iliyoambukizwa ikimchoma mtu asiye na kinga, uwezekano wa kupata homa ya ini B unaweza kufika asilimia 30. Kwa homa ya ini C ni karibu asilimia 1.8, na kwa VVU karibu asilimia 0.3. Mhudumu wa usafi ambaye hajachanjwa homa ya ini B anafanya kazi hii bila kinga, hata mkimnunulia mtambo wa kisasa kiasi gani.

Kabla ya kuomba bei popote, pimeni taka kwa mzani wa kawaida kwa wiki moja au mbili, wodi kwa wodi, kila aina peke yake: ncha kali, taka ambukizi laini kama pamba na bendeji, kondo la nyuma na viungo vilivyokatwa, dawa zilizokwisha muda na kemikali za maabara, na kama mnatibu saratani, dawa za saratani na vyote vilivyogusana nazo. Karatasi hiyo ya vipimo ndiyo itakayojibu maswali mengi yanayofuata.

Vigezo ninavyotumia

Kila njia nitaiuliza mambo yaleyale. Inakubali taka gani, na inakataa zipi? Inahitaji nini ili isisimame: umeme, maji, mafuta, fundi, barabara? Gharama yake inakaa wapi, kwenye kununua au kwenye kuendesha? Inafanya nini kwa hewa, maji na ardhi? Inamweka mtu anayeishika kwenye hatari gani? Na mwisho, swali ambalo vikao vingi hulisahau: baada ya kazi yote kinabaki nini, na mabaki hayo yanakwenda wapi? Hakuna njia isiyoacha mabaki. Nikishauri hospitali huanzia hapo, kwa sababu mabaki ndiyo mtakayoishi nayo kila siku, mtambo ukiwa mpya na ukiwa umezeeka.

Insinereta

*Inakubali nini.* Hii ndiyo inayopokea aina nyingi zaidi: taka ambukizi, ncha kali, kondo, viungo. Lakini haipokei kila kitu. Makopo yenye gesi iliyogandamizwa hulipuka ndani yake. Vifaa vya zebaki na betri hutoa mvuke wa sumu unaopanda na moshi. Plastiki ya PVC, ile ya baadhi ya mifuko ya damu na mirija ya dripu, hubeba klorini inayochangia sumu za moshi. Dawa za saratani huhitaji joto la hadi nyuzi 1,200 za Selsiasi, ambalo mitambo midogo hailifikii.

*Inahitaji nini.* Insinereta inayostahili jina hilo ina chemba mbili. Ya kwanza huchoma taka kwenye nyuzi zisizopungua 850. Ya pili huchoma moshi wenyewe, na pale ambapo taka zina klorini inayozidi asilimia 1 joto lake linatakiwa kufika nyuzi 1,100, moshi ukikaa humo angalau sekunde 2. Hayo hayaji kwa kuwasha kiberiti na kusukumia mifuko. Chemba hupashwa joto kwanza, kisha taka huingizwa kidogokidogo kwa kiasi kile kile, na mwendeshaji anaangalia kipimajoto muda wote. Kunahitajika mafuta ya uhakika, bomba refu la moshi, na mtu aliyefunzwa ambaye hahamishwi kila baada ya miezi michache.

Ukitaka kujua insinereta inafanya kazi kweli, usiangalie bomba. Omba wafungue mlango wa majivu ikiwa imepoa. Mkikuta bomba la sindano ambalo namba za mililita bado zinasomeka, au pamba yenye doa la kahawia katikati, joto halikufika, na majivu hayo ni taka ambukizi yenye sura ya majivu.

*Gharama.* Ununuzi ni sehemu ndogo ya hesabu. Mafuta huliwa hata siku ambayo taka ni chache, na matofali ya ndani hupasuka kwa kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara. Upande wa nafuu kuna muundo wa matofali uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza, unaojengwa na mafundi wa mahali hapo na kuchoma karibu kilo 12 kwa saa. Umesaidia vituo vingi visivyo na kitu kingine, hasa nyakati za kampeni za chanjo. Hauna kifaa cha kusafisha moshi, kwa hiyo uchukuliwe kuwa hatua ya mpito, na ujengwe mbali na wodi, makazi na mashamba.

*Hewa, maji na ardhi.* Hapa ndipo penye mjadala mzito. Uchomaji mbaya wa taka zenye klorini huzalisha dioksini na furani, na sumu hizo huweza kujiunda upya moshi unapopoa kati ya nyuzi 200 na 450. Hukaa kwenye mazingira miaka mingi, huingia kwenye mafuta ya wanyama, na kupitia maziwa, mayai na nyama hutufikia mezani. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004, unataja mitambo ya kuchomea taka za hospitali miongoni mwa vyanzo vinavyopaswa kudhibitiwa. Marekani ni mfano mzuri: hadi mwaka 1997 zaidi ya asilimia 90 ya taka zinazoweza kuambukiza zilichomwa. Masharti mapya ya moshi yalipotoka mwaka huo, hospitali nyingi zilizima insinereta zao kwa sababu kuzifikisha kwenye viwango kulikuwa ghali kuliko kutafuta njia nyingine.

*Anayeishika.* Joto, moshi, na majivu yenye vipande vya chuma na vioo. Anahitaji glavu nzito, buti, miwani, barakoa inayochuja chembechembe, na koleo lenye mpini mrefu.

*Kinachobaki.* Majivu machache kuliko taka zilizoingia, lakini yana metali nzito. Yaende kwenye shimo lililosakafiwa na kufunikwa. Kuyamwaga bustanini ni hatari.

*Inamfaa nani.* Hospitali yenye taka nyingi za aina mchanganyiko, mafuta ya uhakika, mwendeshaji wa kudumu na eneo lililo mbali na watu.

Mtambo wa mvuke

*Inakubali nini.* Ncha kali, pamba, bendeji, glavu, mirija, na vioteshea vya maabara vyenye bakteria. Haukubali dawa, kemikali wala zebaki, kwa sababu joto litazifukiza ndani ya chumba ambamo watu wanavuta pumzi. Kondo na viungo pia havifai: mvuke haupenyi vizuri kwenye nyama nene, na kitakachotoka bado kinahitaji kuzikwa kwa heshima.

*Inahitaji nini.* Umeme unaotulia, maji safi na vali zinazotunzwa. Kipimo cha kawaida cha taka ni nyuzi 121 kwa angalau dakika 30. Mitambo inayonyonya hewa kwanza hufanya kazi kwenye nyuzi 134 kwa muda mfupi zaidi. Kunyonya hewa huko kuna maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mfuko uliofungwa kwa fundo la kukaza una hewa ndani, na hewa hiyo huzuia mvuke kufika katikati. Nje mfuko unatoka wa moto, utepe wa kiashiria umebadilika rangi vizuri kabisa, na katikati pamba haijapata joto la kutosha. Kwa hiyo kiashiria kiwekwe katikati ya mzigo, na mara kwa mara mtambo upimwe kwa vichupa vya mbegu za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus, ambazo ni sugu sana kwa joto la mvuke. Mbegu zikifa, mtambo unafanya kazi. Zikiota, simamisheni kazi hadi fundi afike.

Mtambo wa taka usiwe uleule unaotakasa vifaa vya upasuaji. Hilo halina mjadala.

*Gharama.* Kwa kawaida kuendesha ni nafuu kuliko kuchoma, ikiwa umeme upo. Mashine ya kusagia inayoongezwa baadaye, ili taka zisitambulike na ujazo upungue, ndiyo inayoongeza bei na matengenezo. Meno yake huharibiwa na vipande vya chuma vilivyopita bila kuonekana.

*Hewa, maji na ardhi.* Hakuna moshi wa kuchoma wala dioksini. Kuna harufu, na kuna maji yanayotiririka kutoka kwenye chemba, ambayo yaelekezwe kwenye mfumo wa majitaka.

*Anayeishika.* Hatari kubwa ni kuungua kwa mvuke mlango ukifunguliwa kabla shinikizo halijashuka. Mafunzo yanaipunguza sana.

*Kinachobaki.* Karibu kila kitu! Taka zimetakaswa, lakini bado zipo, na pengine nzito zaidi kwa sababu ya unyevu. Sindano bado ni sindano na bado inachoma. Bila mashine ya kusagia au shimo la ncha kali, na bila dampo linalokubali taka zilizotakaswa, mtahamisha tatizo kutoka wodini kwenda uani. Kwa upande mwingine, plastiki iliyotakaswa vizuri huweza kwenda kwenye urejelezaji pale sheria inaporuhusu, jambo ambalo insinereta hailiwezi.

*Inamfaa nani.* Hospitali yenye umeme na maji ya uhakika, inayotenganisha taka kwa nidhamu, iliyo karibu na makazi ambako moshi hautakubalika.

Shimo la kuzikia lililojengwa

*Inakubali nini.* Kondo la nyuma na viungo, kwenye shimo lao peke yao. Ncha kali, kwenye shimo la zege lenye mdomo mwembamba ambao mkono haupiti. Majivu, kwenye shimo lililosakafiwa. Kila aina na shimo lake. Kuchanganya kondo na sindano kunaharibu yote mawili, kwa sababu kondo inahitaji kuoza na sindano inahitaji kufungiwa. Msitie klorini kwenye shimo la kondo kila siku mkidhani mnasafisha: klorini inaua bakteria wale wale wanaoozesha, na shimo linajaa kabla ya wakati.

*Inahitaji nini.* Ardhi, saruji na mtu anayejua maji ya ardhini yako wapi. Chini ya shimo pabaki mita 1.5 hadi 2 juu ya maji hayo, zikipimwa wakati wa mvua nyingi na si kiangazi, na kuwe na angalau mita 50 hadi kisima au chanzo cha maji. Mfuniko uwe wa zege wenye kufuli, kuwe na bomba la kutoa hewa lenye wavu wa kuzuia nzi, na uzio utakaowazuia watoto na mifugo.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote kwa kuanzia, na karibu hakuna ya kila siku. Gharama iliyofichika ni nafasi: shimo likijaa linafungwa kabisa, na lingine linahitaji eneo jingine.

*Hewa, maji na ardhi.* Hewa haichafuki. Hatari yote iko chini. Mahali penye maji ya juujuu au udongo wa kichanga unaopitisha maji haraka, shimo la kuzikia lisilosakafiwa halifai hata kama ndilo pekee mnaloweza kulilipia.

*Anayeishika.* Hatari ni kidogo ikiwa taka zimefika zikiwa ndani ya boksi zao. Kazi ni kubeba na kudondosha.

*Kinachobaki.* Kila kitu, chini ya ardhi, kwa miaka mingi. Ramani ya mashimo ikae kwenye faili la hospitali, kwa sababu siku moja mtu atataka kuchimba msingi wa jengo jipya hapohapo. Kwa taka chache kuna njia ndogo ya kufungia kwa saruji: chombo imara hujazwa ncha kali hadi robo tatu, kisha saruji humiminwa mpaka juu, kikakauka na kuzikwa. Dawa chache zilizokwisha muda hufungiwa hivyo hivyo kwenye pipa, kwa mchanganyiko wa chokaa, saruji na maji kwa uwiano wa 15:15:5 kwa uzito. Dawa nyingi zirudi kwa msambazaji.

*Inamfaa nani.* Zahanati na vituo vidogo vyenye eneo, ardhi kavu na taka chache. Pia kila hospitali yenye wodi ya uzazi, hata iwe na mtambo gani, kwa ajili ya kondo.

Mkandarasi mwenye mtambo wa pamoja

*Inakubali nini.* Inategemea mkataba, na hapo ndipo wengi huteleza. Soma orodha ya aina za taka neno kwa neno. Makandarasi wengi hupokea ncha kali na taka ambukizi laini. Wachache hupokea dawa, kemikali na mabaki ya dawa za saratani.

*Inahitaji nini.* Barabara inayopitika misimu yote, magari yaliyofungwa, na chumba cha kuhifadhia chenye sakafu inayosafishika, kufuli na kivuli. Taka ambukizi zisizowekwa kwenye ubaridi zisikae muda mrefu. Mwongozo wa WHO kwa maeneo ya joto ni saa 24 wakati wa joto kali na saa 48 wakati wa baridi. Gari likija mara moja kwa wiki, mnahitaji chumba cha baridi au mnahitaji mkandarasi mwingine.

*Gharama.* Hakuna mtaji mkubwa, lakini kuna malipo ya kila kilo, kila mwezi, yasiyoisha. Kila kilo ya karatasi iliyoingia kwenye mfuko wa njano mnailipia bei ya taka hatarishi. Hospitali zinazotenganisha vizuri huona faida yake kwenye hati ya malipo ya mwezi unaofuata.

*Hewa, maji na ardhi.* Mtambo mmoja mkubwa wenye vichujio vya moshi na wataalamu wa kudumu ni rahisi kusimamia kuliko insinereta ndogo ishirini zilizotapakaa. Lakini faida hiyo ipo ikiwa taka zinafika huko kweli. Mwaka 1988, baada ya mabomba ya sindano na taka nyingine za hospitali kusukumwa na mawimbi hadi fukwe za New York na New Jersey, Marekani ilitunga sheria ya kufuatilia taka za kitabibu kutoka zinapozalishwa hadi zinapoharibiwa. Somo lake linatuhusu sote wenye mkataba wa aina hii. Kila mzigo uondoke na hati yenye uzito, idadi ya mifuko na saini, na urudishiwe cheti cha kuharibiwa chenye namba ileile. Na mara moja moja, bila kutoa taarifa, nendeni mkauone mtambo wenyewe.

*Anayeishika.* Hatari inahamia kwa wapakiaji na dereva, nao ni watu kama wahudumu wenu. Boksi la ncha kali lililotoboka linawachoma wao.

*Kinachobaki.* Kwenu, hati tu. Kwa mkandarasi, majivu au taka zilizotakaswa. Wajibu wa kisheria katika nchi nyingi hauhami moja kwa moja na lori, kwa hiyo mwulizeni mabaki yake yanakwenda wapi.

*Inamfaa nani.* Hospitali za mijini zisizo na nafasi, kliniki ndogo, maabara binafsi, na vituo vilivyo karibu karibu vinavyoweza kugawana safari moja ya gari.

Njia za pembeni

Mitambo ya maikrowevu hufanya kazi kwa kupasha unyevu ulio ndani ya taka hadi karibu nyuzi 100. Orodha ya inachokubali na inachokataa inafanana na ya mvuke, ingawa fundi wake huwa adimu zaidi. Kutakasa kwa klorini kunafaa kwa taka za majimaji na kwa damu iliyomwagika. Kwa taka ngumu ni njia dhaifu: kemikali haipenyi vizuri, na maji yake machafu yanahitaji kutibiwa.

Taka za mionzi haziingii kwenye njia yoyote niliyoilinganisha. Zina mamlaka yake na wataalamu wake. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, waokota vyuma walichukua kifaa cha tiba ya mionzi kutoka kliniki iliyokuwa imehamwa, wakakifungua, na unga wa mionzi wa sesiamu-137 ukasambaa mitaani. Watu wanne walikufa na zaidi ya 200 wakakutwa na uchafuzi wa mionzi. Mashine ya mionzi ikistaafu, isiachwe stoo hata siku moja bila mwenye jukumu lake.

Chagua kwa hali yako

*Zahanati ya sindano na vidonda, isiyo na umeme wa uhakika:* shimo la ncha kali la zege kwa sindano, na mpango na hospitali ya jirani kupokea taka laini gari la dawa linaporudi tupu, mradi zifungwe kwenye chombo kigumu kisichokutana na dawa. Ikiwa maji ya ardhini yako juu, fungieni sindano kwa saruji kwenye vyombo na kuvipeleka panapofaa.

*Kituo chenye wodi ya uzazi:* shimo la kondo kwanza, kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kisha mvuke mdogo au mkandarasi kwa vilivyobaki, kutegemea kama mna umeme au mna barabara.

*Hospitali ya kati, vitanda 100 hadi 200, katikati ya makazi:* ningeegemea mvuke pamoja na shimo la ncha kali na shimo la kondo, na dawa zilizokwisha muda zirudi kwa msambazaji. Kama mna insinereta inayofanya kazi vizuri, msiivunje kwa ajili ya fasheni. Iacheni ichome viungo na vile mvuke isivyokubali, mpunguze PVC inayoingia humo, na mpime joto kila siku.

*Hospitali kubwa inayofundisha au kutibu saratani:* njia moja haitatosha. Mvuke ubebe sehemu kubwa, na mkandarasi mwenye kibali cha joto la juu achukue dawa za saratani na kemikali. Mkataba utenganishe bei ya kila aina, na awepo afisa mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi anapoona mfuko uliochanganywa.

*Hospitali ya mbali yenye barabara inayokatika wakati wa mvua:* msitegemee mkandarasi peke yake. Insinereta ya chemba mbili au mashimo yaliyojengwa vizuri, pamoja na mafuta na saruji vilivyowekwa akiba kabla ya msimu kuanza.

*Kampeni ya chanjo au mlipuko wa ugonjwa:* mzigo utapanda ghafla. Kati ya Machi 2020 na Novemba 2021 Umoja wa Mataifa pekee ulinunua na kusafirisha karibu tani 87,000 za vifaa vya kujikinga na korona, na WHO ikatarajia vingi viishie kuwa taka. Kwa hiyo mpango wa taka uandikwe siku ileile inayoandikwa oda ya sindano: boksi ngapi, zitakusanywa na nani, zitakaa wapi usiku, na mtambo gani utazipokea kesho yake asubuhi. Glavu na barakoa zilizovaliwa na watu wasio wagonjwa, pale ambapo mwongozo wa mlipuko unaruhusu, zisiingie kwenye mfuko wa njano.

*Hamjui mko kundi gani:* pimeni kwa wiki mbili, peni na daftari vikining'inia kwenye mzani, na mwiteni mhudumu wa usafi aliyekaa muda mrefu kuliko wote kwenye kikao cha kusoma matokeo. Anajua mifuko ipi huvuja, wodi ipi huchanganya, na saa ngapi pipa hufurika.